Kompyuta ya Mfukoni Iliyokosa Dripu

Ukimtafuta kwa jina la kuzaliwa utazunguka mpaka viatu viishe soli. Uliza Betri. Hata mke wake akipiga simu dukani husema, "Nipe Betri," wala hacheki. Meza yake ya ufundi iko nyuma ya duka langu la simu zilizotumika, kwenye korido ya maduka chini ya ghorofa la ofisi, mahali ambapo taa huwashwa hata mchana. Tumegawana fremu moja. Mimi nilichukua mbele penye macho ya watu, yeye akachukua nyuma penye ukuta. Siku ile ya kugawana nilijiona nimemshinda. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alitaka ukuta tangu mwanzo, apate pa kuegemeza kabati.

Kabati hilo ndiyo roho yake. Ndani kuna kompyuta za mfukoni za zamani, za enzi ambazo simu ilikuwa inajua kuita tu. Wengi hawajapata kuziona. Ni kitu kirefu, chembamba, kama kipochi cha miwani, chenye vitufe vidogo vya herufi na namba na kioo kinachoonyesha mstari mmoja wa maandishi. Wahandisi na wapima ardhi walizitia kwenye mfuko wa shati, wakaziandikia programu zao wenyewe, mstari mmoja baada ya mwingine. Betri huziokota kwenye minada ya ofisi zilizofungwa, kwenye masanduku ya marehemu, na kwa wauza vyuma chakavu ambao huzirusha mizanini pamoja na masufuria yaliyotoboka. Huzisafisha kutu ya kijani kwa siki na mswaki wa meno, hubadilisha vioo vilivyovujisha wino, huzichongea vitufe vilivyopotea. Zikiwaka anazirudisha kabatini na kufunga. Hapo ndipo tunapokosana.

"Umeitengeneza ili iweje?" humuuliza.

"Ili iwake."

"Si imewaka? Uza."

"Imewaka leo. Acha nione na kesho."

Mtu wa namna hiyo huwezi kumfundisha biashara. Unamwachia ukuta wake.

Sasa, mashine hizi zina tabia moja. Kilichoandikwa ndani yake kinaishi kwa betri bapa, kama zile za saa. Ukizitoa ukachelewa kidogo, kila kitu kimefutika, na hakuna fundi wa kukirudisha, awe amesoma wapi. Ndiyo maana kabla ya kumpasua mgonjwa yeyote, Betri humbandika nyaya mbili zenye vibanio kutoka kwenye pakiti ya betri iliyo mezani, ili aendelee kunywa umeme wakati tumbo liko wazi. Anaiita dripu. Mteja akimharakisha humjibu taratibu, "Mama, mgonjwa hapasuliwi bila dripu." Fundi redio mmoja alikuja kujifunza kwake, akafungua mashine bila dripu, akaambiwa arudi kwenye redio zake. Mashine yenyewe ilikuwa tupu, haina hata herufi. "Leo tupu," Betri alisema. "Kesho mkono utakuwa umezoea."

Dripu hakuibuni yeye. Alifundishwa na kaka yake, mpima viwanja, ambaye ndiye aliyemlea. Kaka alirudi siku moja kutoka kazini na kompyuta mbili, moja yake, moja ya mdogo wake aliyekuwa bado anavaa kaptura za shule. Ile ya mdogo ilifunguliwa na kufungwa mara nyingi kuliko mlango wa choo. Ile ya kaka ilikwenda porini na mjini, ikapigwa jua, ikaangukia jiwe la mpaka wa kiwanja na kupata mkwaruzo kwenye kioo. Miaka yote ya kazi kaka aliiandikia programu ya kupimia: unaingiza kona za kiwanja, inakupa ukubwa. Kila alipokutana na kiwanja kilichopinda kwa namna mpya, aliongeza mstari.

Halafu kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa na maneno yakatawanyika. Akitaka maji anasema "kiatu." Akitaka mlango ufungwe, "kiatu." Lakini mkono wa kushoto ulibaki na akili zake. Kila asubuhi anakaa barazani na kompyuta mapajani, anaingiza vipimo vya kiwanja chake mwenyewe, kona kwa kona, kama mtu anayetembea kwenye uzio. Namba ikitokea anaitikia kwa kichwa. Baada ya hapo ndipo anakubali chai. Mkewe anasema bila namba ile nyumba nzima haijaamka.

Kitufe cha kuingizia kilipogoma, mkewe huyo akaileta dukani, imefungwa kwenye kitambaa cha meza.

"Shemeji," alimwambia Betri, "kitufe hiki kimekufa. Anabonyeza mpaka kidole kinakuwa chekundu, halafu ananikazia macho kana kwamba nimekila."

"Vumbi tu hilo, shemeji. Kazi ya kusafisha."

"Usiikalishe. Na kilichomo ndani kisiguswe."

"Unamwambia nani hayo?"

"Nakwambia wewe. Mganga hajigangi."

Tukacheka wote watatu. Mama yule ana ulimi, lakini hana ubaya.

Kabla kitambaa hakijapoa mezani, akaingia mtu tunayemwita Bwana Miwani, mhandisi mstaafu anayekusanya mashine hizihizi na ambaye, tofauti na Betri, anajua kubadilishana. Alikuwa na kitu kwenye mfuko wa karatasi. Alikitoa polepole, jinsi muuzaji mzuri anavyotakiwa kutoa. Kompyuta ya mfukoni yenye printa yake ndogo ubavuni, na karatasi bado imo. Betri aliinuka kwenye kiti. Miaka yote niliyokaa naye sijamwona akimwinukia mteja.

"Naitaka ile yako ya wapima ardhi," alisema Bwana Miwani. "Aina kama hiyo iliyo mezani. Nikupe hii."

Betri alikuwa nayo moja ya aina hiyo, mwili msafi kama umetoka dukani jana, ila kioo kilikuwa kimevuja wino, doa jeusi nusu nzima.

Bwana Miwani aliigeuzageuza. "Bibi harusi mzuri, lakini haoni."

"Ni kioo tu. Ndani ni nzima kabisa."

"Hayo ni maneno. Mimi gari nimeliegesha vibaya."

"Subiri kidogo, uone mwenyewe."

Mafundi wote wana desturi hii, hata wale wanaokana: mashine ya huyu inapimwa kwa kiungo cha yule. Unaazima kioo kwenye mashine ya mteja asiyekuwepo, unaonyesha kwamba mashine ya mteja aliyepo inafanya kazi, halafu unakirudisha kimyakimya. Si wizi. Ni kama kuonja mboga kwa kijiko cha jirani. Kabatini alikuwa na kioo cha akiba, lakini kilikuwa ndani ya maboksi, na maboksi yako chini ya maboksi mengine. Ya kaka ilikuwa hapo mezani, kioo chake kinashikwa kwa mpira tu bila kulehemu. Betri alifungua mgongo, akatoa betri, akachomoa kioo, akakipachika kwenye ile nyingine. Ikawaka. Herufi nyeusi, wazi, na mkwaruzo mmoja kwa pembeni.

"Ifunge hivyohivyo," alisema Bwana Miwani.

"Kioo hiki ni cha kuazima, mzee. Nitakuwekea kingine."

"Basi nitarudi siku nyingine." Akaweka mkono juu ya ile yenye printa. Hakuichukua, aliweka mkono tu. Mimi nilikuwa mbele namwonyesha mtu chaji, lakini masikio yangu hayana likizo, na kusema kweli nilimvulia kofia. Mkono ule niliujua. Nami huuweka.

Betri akaifunga hivyohivyo.

Mteja alipoondoka nikasubiri kusikia printa ikilia. Haikulia. Nikageuka. Betri alikuwa amesimama anatazama ukutani, na macho yake yalikuwa kwenye msumari ambapo dripu huning'inia. Nyaya zilikuwa zimejikunja vilevile zilivyokunjwa asubuhi.

Alichimba maboksi, akapata kioo cha akiba, akakiweka kwenye mashine ya kaka, akarudisha betri, akawasha. Kioo kilikuwa kizuri, kisafi. Ndani hamkuwa na kitu. Alibonyeza vitufe vya kuita programu, akabonyeza tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo ameona mwenyewe watu wake wakihama.

"Mwambie betri zilikuwa zimevuja," nilisema.

"Hazikuvuja."

"Zingeweza. Za umri ule huvuja."

"Hazikuvuja, jirani."

"Haya, kaa na ukweli wako, uone kama shemeji yako atakupa chai."

Akavuta kiti, akaanza kuandika programu mpya. Kutafuta ukubwa wa kiwanja si uchawi, kanuni iko kwenye vitabu. Akaijaribu kwa kupima sakafu ya duka langu, akanifanya nihamishe kabati la simu na mteja anaona. Ikatoa jibu sahihi. Kitufe kikasafishwa, kikalia vizuri. Kwa macho ya biashara kazi ilikuwa imekamilika, na bora kuliko ilivyoletwa.

Nilikwenda naye kuipeleka. Si kwa wema. Mama yule alitaka simu yenye maandishi makubwa, na mteja wa namna hiyo humsubirishi. Njia nzima Betri alibeba kompyuta kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi.

Kaka alikuwa barazani. Aliipokea, akaiweka mapajani, akaanza kuzunguka uzio wake: kona, kona, kona. Kitufe kilikubali. Namba ikatokea, ileile ya kila siku. Akaitikia kwa kichwa. Mkewe akapumua. "Mungu akupe maisha marefu, shemeji," alisema, akaelekea ndani kuleta chai. Nami nikamtazama Betri kwa jicho la kumwambia, unaona?

Kisha kaka akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kioo, pembeni. Akapitisha tena. Akainua mashine kwenye mwanga, akailaza, akapitisha mara nyingine polepole, kama kipofu anayetafuta tundu la ufunguo.

"Kiatu," alisema.

"Anataka maji?" mkewe aliuliza kutoka ndani.

"Hataki maji," alisema Betri.

"Kiatu." Sasa alikuwa anagonga kioo kwa ukucha, na macho yake yalikuwa kwa mdogo wake.

Betri akatoa uongo wangu, tena akautoa vibaya. "Kaka, betri zilikuwa zimevuja, zikaharibu. Nimekuandikia upya. Ni ileile."

Mzee aligeuza mashine, akatazama mgongo, penye mfuniko wa betri. Plastiki ilikuwa safi, haina hata alama ya kutu. Yeye ndiye aliyemwonyesha mdogo wake, zamani, betri iliyovuja inaacha nini. Akaigeuza tena, akagonga kioo. Betri zinaweza kula programu. Hazifuti mkwaruzo.

Betri akakaa chini, sakafuni, pale miguuni pa kiti. Akasema yote: Bwana Miwani, printa, kioo cha kuazima, dripu iliyobaki msumarini. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mke wa kaka alikuwa amefika mlangoni na sinia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hukukosea, shemeji," alisema. "Ulibadilishana."

"Nilisahau dripu."

"Dripu ulisahau. Kioo je, nacho ulisahau?"

Mama akarudi ndani na sinia lake, vikombe vinagongana. Kaka akaisukuma kompyuta mpaka ukingoni mwa meza ndogo, akaiacha hapo, na asubuhi ile hakunywa chochote. Simu sikuiuza.

Siku zilizofuata Betri aligeuka mtu mwingine. Printa ilikaa mezani imefunikwa gazeti. Mgonjwa akija hata wa redio anamwekea dripu. Mteja mmoja alileta saa ya ukutani, akaulizwa ina kitu gani ndani kisichotakiwa kupotea. Mke wa Betri alinipigia mimi badala yake: "Jirani, huyu mtu hali, anasema ameshiba. Ameshiba nini?" Nikamwambia kioo. Nikadhani ni utani mzuri, akakata simu.

Mwishowe nilimwambia, "Twende kwa Bwana Miwani. Mimi nitaongea. Wewe ujue kukaa kimya."

Nyumba ya Bwana Miwani ina chumba kizima cha makabati ya vioo, kila mashine na kijikadi chake. Ya kwetu ilikuwa tayari imepata kijikadi. Nilianza vizuri. Nilimwambia tumekosa usingizi kwa ajili yake, kwamba tumemwuzia kitu chenye mkwaruzo, na kwamba fundi wangu kwa heshima yake ameleta kioo kisafi cha kubadilisha, bila masharti.

"Mkwaruzo siuoni," alisema, akisafisha miwani yake kwa shati.

"Wageni wako watauona, mzee."

"Wageni wangu wana adabu."

Tulikuwa tunakwenda sawa, biashara inapanda na kushuka inavyotakiwa, ndipo Betri akafungua mdomo. "Chukua printa yako. Chukua na hiki kioo kisafi. Nipe kile chenye mkwaruzo."

Bwana Miwani akaacha kufuta miwani. "Na nini zaidi?"

"Unataka nini?"

Nilimkanyaga mguu, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mtu akishauliza unataka nini, ameshavua shati, kilichobaki ni mwenzake kuchagua suruali. Bwana Miwani akachagua. Alitaja mashine mbili za kabatini, zile ambazo mimi nimezitongoza tangu tulipogawana fremu, nikaambiwa nimwache azione na kesho. Betri akasema sawa. Hakupunguza hata moja. Nikatoka nje kusubiri, kwa sababu kuna mambo mtu wa biashara hapaswi kuyatazama.

Tukarudi kwa kaka, kioo kimefungwa kwenye pamba. Mkewe alitufungulia mlango nusu, akamtazama Betri, akatazama pamba, akaacha nusu nyingine ijifungue yenyewe. Betri alitandika kitambaa chake cha kazi kwenye meza ya barazani mbele ya kaka, akapanga bisibisi, akatoa pakiti ya dripu mfukoni na kuibandika kwanza, nyaya mbili, akavuta kila moja kuhakikisha imeshika. Ndani ya mashine hakukuwa na chochote ila ile programu yake mwenyewe, ya kwenye vitabu, ambayo angeweza kuiandika upya akiwa anakula. Lakini aliilinda kama yai. Kaka alifuatilia kila waya kwa macho, kama alivyokuwa akifanya, nadhani, wakati mdogo wake alikuwa bado anavaa kaptura. Kioo kikaingia. Mgongo ukafungwa.

Kaka akapitisha ukucha. Ulikwama palepale. Akaitikia kwa kichwa.

Halafu akabonyeza vitufe viwili ambavyo hata mimi sasa navijua, akaifuta programu ya Betri yote.

Mzee alivuta pumzi, akaanza kuandika yake kwa mkono wa kushoto, herufi kwa herufi, huku anasahau na kurudi. Mstari wa kwanza ulichukua muda ambao ningeuza simu na kifuniko chake. Ulikuwa na kosa. Hata mimi niliyejifunza kwa kusikia tu nikiwa mbele dukani nililiona: alama moja haikuwepo. Betri aliliona kabla yangu, mkono wake ukanyanyuka. Kaka akaupiga kofi dogo. Ukarudi pajani.

Alipoijaribu, kioo kikaandika neno la kosa. Akafuta, akaanza tena.

Mpaka leo programu haijaisha. Asubuhi namba haitokei, chai inanywewa bila kibali, na mama anasema mumewe amekuwa mkali kama alivyokuwa kazini. Kwa Betri mama huyo amerudi kuwa na maneno, lakini machache, na kikombe chake humwekea mezani badala ya kumpa mkononi. Betri hufunga duka mapema, anakwenda kukaa barazani. Analeta betri mpya, anazibadilisha mashine ikiwa mapajani mwa kaka na dripu ikiwa mahali pake. Kaka anaandika, yeye anatazama kosa likipita.

"Si umwonyeshe tu?" nilimwuliza juzi. "Alama moja. Mzee apate namba yake, nawe upumzike."

"Sijaombwa."

"Hawezi kuomba, Betri. Anajua kusema kiatu tu."

"Akitaka atanipa mashine mkononi," alisema, akichukua nyaya zake msumarini. "Bado hajanipa."